Mabenchi Yasiyo na Egemeo

3 Februari

Shikamoo Baba. Mimi mzima, ila sauti imekauka kwa kufundisha watoto sabini. Kifua chako je, vumbi la mbao bado linakubana?

Mkuu wa shule hapa anawapanga watoto kwa alama. Waliofaulu wako mbele, kwenye madawati yenye egemeo. Walioshindwa wako nyuma, kwenye mabenchi matupu, na ubao hawauoni. Chuoni tulisoma kwamba wako wataalamu wanaosema shule humpa kila mtu nafasi anayostahili. Wengine wanasema ni chekeche tu, inamrudisha mtoto wa kibarua kwenye ukibarua, kisha inamwambia ameshindwa mwenyewe. Nilidhani ni maneno ya mtihani. Jana niliwauliza wa nyuma wazazi wao wanafanya nini. Vibarua watupu. Kesho nawachanganya.

Mwanao

11 Februari

Marahaba, Mwalimu. Kifua kinabana, lakini msumeno bado naushika. Mama yako anasema ule.

Sasa sikiliza. Hayo ni mazoezi ya kufundisha, na mkuu huyo ndiye anayejaza fomu yako. Akiandika umeshindwa, cheti huna, eti kwa sababu ya nani kakaa wapi. Mimi nilikaa nyuma nikaishia la saba, na sikufa. Funga mdomo, chukua cheti, halafu ubishane na dunia utakavyo.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba. Nakujulia hali, ingawa nina hasira nawe.

Mkuu ameamuru niwarudishe. Sijawarudisha. Juzi niliinama kuokota chaki, nikaona chini ya benchi herufi ya penseli ya fundi: N. Mabenchi yote ishirini na mbili yanayo. Madawati yenye egemeo yana M. Hiyo N yenye mguu mrefu naijua, ndiyo uliyonifundishia kuandika karakanani. Baba, ulijua?

Mwanao

2 Machi

Mwalimu, hali si nzuri, na safari hii si kifua.

Nilijua. Shule gani sikujua, oda ilitoka kwa mkandarasi. M ni mbele, N ni nyuma, wapakuaji wasichanganye. Mbao nzuri za mbele, mabaki ya nyuma. Miaka tisa sikuuliza, kwa kuwa benchi la namna hiyo ndilo nililokalia mimi. Naona aibu, mwanangu.

Jumatatu nakuja na maegemeo ishirini na mbili, nyundo na randa. Mkuu akifunga geti nitapigilia nje. Usiwarudishe hata mmoja.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba. Mgongo umepoa baada ya kazi ile?

Fomu imetoka: nimeshindwa. Narudia mwaka mzima, na sijuti. Siku niliyoondoka, mkuu aliwarudisha watoto nyuma. Wamekaa wameegemea mbao zako, na mikono wananyoosha kama wa mbele.

Nimeomba nirudie mazoezi shule hiyohiyo. Randa uliyoisahau iko kwenye kabati la darasa. Usiifuate.

Mwanao, Mwalimu