Ratiba ya Rangi Nne

Kamau mjukuu wangu,

Guka yako, babu huyu mzee, ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuendesha gari la bosi huku Riyadh. Msalimie mama yako.

Umeniuliza kama wiki tatu zinatosha kujiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo, ukanitumia picha ya ratiba uliyobandika ukutani, ya rangi nne. Nimekasirika tangu jana. Unajificha, Kamau. Najua, maana nikiwa rika lako nilichora kama hiyo kwa rula, siku tatu nzima, kwa kuogopa kufungua kitabu cha hesabu. Mwalimu wangu aliitazama, akaniuliza, "Na umesoma nini?" Nikamwonyesha tena ratiba. Kwenye mtihani nikafeli.

Juzi niliwapeleka bosi na binti yake Jeddah. Binti ana mtihani kama wako. Njia nzima kitabu kilikuwa magotini, anakosea, anafuta, anarudia. Ratiba hana. Mimi nilikuwa mbele, nimeshika usukani wa baba yake.

Ibandue hiyo karatasi. Nyuma yake ni nyeupe. Fanyia hapo ile hesabu unayoiogopa, leo, kabla hujanijibu.

Guka yako, bado nimekasirika