Kiraka cha Mjomba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Kuanzia Raskazone mpaka Mwera hakuna anayepuliza tarumbeta kumshinda mpwa wako. Sijisifu, nakupa habari tu. Nikianza mimi, majogoo wanaona haya kuwika. Shule niliishia darasa la sita, lakini mapafu hayaulizi cheti.

Tulipokuzika, mama alinikabidhi tarumbeta lako akasema harusi ya dada Mwanaidi nitakaa nafasi yako kwenye bendi. Nikapakua ile programu ya simu inayopima sauti kwa mshale. Nikapuliza: mshale chini. Tena: chini. Haiwezekani! Mjomba wangu, miaka yote ile, apulize sauti iliyolegea?

Unakumbuka kofi la kisogo ulilonipa nilipotia mafuta ya nazi kwenye vifungo vya tarumbeta? Asubuhi ya kipupwe yakaganda, vyote vitatu vikakwama. "Wee mwana, unakaanga samaki changu?" Safari hii nilikuwa fundi kamili. Nikaliosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu. Nikaziba mdomo wake mpana, nikalizamisha kwenye beseni huku napuliza, kama tunavyotafuta pancha ya baiskeli. Hakuna povu. Nikausukuma ndani mrija wa kurekebishia sauti mpaka mwisho. Mshale chini bado.

Ndipo nikakiona. Kwenye mrija huo kulikuwa na kipande kilichoongezwa kwa lehemu, urefu wa kidole gumba. Nikashtuka: nani kamchezea mjomba? Mrija ukirefuka sauti inashuka, hata mimi hilo nalijua. Nikachukua msumeno wa chuma, nikakitoa, nikaunga upya. Mshale ukasimama katikati. Nilicheka peke yangu uani mpaka mama akauliza kama nimepagawa.

Basi siku ya harusi, Pangani, tunamleta bwana harusi. Mazoezini sikuwa nimekwenda hata mara moja, fundi akafanye nini? Nikatoa sauti ya kwanza. Mjomba! Mimi na lile besi kuukuu la kupuliza la Mzee Kombo, mkuu wa bendi, tulisikika kama mbuzi wawili wanaogombea mlango. Bwana harusi mwenyewe aligeuka nyuma.

"Mwanangu, shuka kidogo," Mzee Kombo akaniambia.

"Nishuke wapi, mzee? Mimi niko sawa!"

Shaibu wa ngoma akanivuta kanzu mpaka pembeni. "Funga bakuli lako! Besi la mzee lilikuja hivyo, liko chini na halipandishiki. Wote tulijishusha kumfuata. Mjomba wako ndiye aliyeanza, akaenda kuongezewa mrija ili mzee asijue."

Mpaka leo mdomo wangu haujafungika. Kumbe ulipokuwa ukiniambia, "Sikiliza wenzio kwanza," nami nikidhani ni maneno ya wazee ya kujazia siku, wewe ulikuwa umekwisha kuharibu chombo chako kwa makusudi. Na hukumwambia mtu. Hata mimi, niliyelala miguuni pako ukifanya mazoezi!

Nimekirudisha kipande, Mjomba. Lehemu imevimba kama chunusi, ungenicheka, lakini mshale uko chini pale pale ulipouacha. Ila Mzee Kombo hajaja mazoezini Ijumaa tatu sasa, na bila besi lake hakuna bendi. Mama anataka nikamwombe radhi. Nafika kona ya kwake, miguu inageuka.

Mungu akupe kivuli kizuri. Watu wote wa nyumbani nimewaambia kosa lilikuwa mrija. Wewe siwezi kukudanganya. Kabla Shaibu hajanivuta, nilikuwa nimeshamwekea Mzee Kombo simu usoni, mbele ya wakwe, nikamwambia apulize yeye. Akapuliza. Akautazama mshale unavyoanguka, akaniuliza taratibu, "Tangu lini?"

Mimi nikacheka.

Mpwa wako