Kikombe Nilichokiachia Hewani

Mke wangu,

Natumaini mlifika salama na binti hakulia njia nzima.

Mwandiko huu usikutishe. Tangu nirudi kutoka angani, nikigeuza kichwa macho yanachelewa, na ukuta wote unateleza. Daktari ananizungusha kwenye kiti huku nikikodolea macho kitone chekundu. Anasema masikio yangu yalizoea kuishi bila uzito, sasa yanajifunza upya chini ni wapi. Natembea nikipapasa kuta kama mlevi. Wauguzi wananicheka, nami nawachekea.

Juzi uliponinyooshea mtoto ambaye sijawahi kumbeba, nikaficha mikono mgongoni. Niliuona uso wako. Ulimfunika vizuri, ukaaga, ukaondoka.

Asubuhi ile nilikuwa nakunywa chai. Nilitaka kijiko, basi nikakiachia kikombe hewani. Kule juu ukiachia kitu kinaelea, kinakusubiri. Hapa kilipasuka miguuni pangu. Vigae vilikuwa bado havijafagiliwa ulipoingia naye.

Njoo tena, tafadhali. Mbebe wewe. Mimi nitampa kidole tu, maana umeniambia akishika kitu haachii.

Ni mimi,
baba yake.