Wifi Aliongeza Namba, Nami Nikanyamaza

Mshauri wangu, shikamoo. Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo ya kazini kati ya maboksi ya glavu, nina dakika ishirini za chakula cha mchana, basi nisaidie hata kama utanigombeza, maana Ijumaa saa nne asubuhi kuna mtu atafukuzwa kazi kwa kosa langu, na mtu huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye hajanikosea hata siku moja.

Nina miaka ishirini na tisa, ni msaidizi wa daktari wa meno, kazi yangu ni kushika ule mrija wa kunyonya mate na kumpa daktari vifaa, na kazi hii niliipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu ambayo sijawahi kumwambia mtu, kwamba navaa barakoa kutwa. Mshauri, mimi naota ndevu. Si kinyweleo kimoja viwili vya kuchekwa, ni ndevu, nyeusi, ngumu, kidevuni na chini ya taya, zilinianza nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka uleule hedhi yangu ilipoanza kupotea miezi miwili mitatu na kurudi inapojisikia, na mama yangu ndiye aliyenipa kibano akaniambia ng'oa kila siku, mwanamume asije akaziona, akiziona huyo ameondoka. Basi miezi kumi na minne ya ndoa naamka kabla ya mume wangu, najifungia bafuni, nafungua bomba ili asisikie, asisikie nini sijui maana kibano hakina sauti, nang'oa moja moja mpaka machozi yananitoka, kisha natoka natabasamu namwambia chai tayari.

Wifi yangu anafanya kazi saluni ya urembo ambako walinunua mashine ya kuondoa nywele kwa mwanga, na yeye ndiye aliyepelekwa mafunzo akapewa aiendeshe. Siku moja tulikuwa tunaanua nguo, jua likanipiga usoni akaniona kwa karibu, hakucheka, alisema tu kwa sauti ya chini, "Wifi, hilo lina dawa yake. Njoo kwetu, na kaka hatajua kama hutaki ajue." Nilipokwenda alinieleza vizuri kabisa, kwamba mwanga unaingia kwenye unywele kwa sababu unywele ni mweusi, unageuka joto, na joto linashuka mpaka kwenye shina na kulichoma, kwa hiyo ninyoe kwa wembe siku moja kabla ya kuja lakini nisiguse kibano kabisa, kwa sababu nikiung'oa unywele na shina lake mwanga hauna pa kushika. Akasema nitakuja mara sita mpaka nane, kila baada ya wiki nne, kwa kuwa nywele hazioti zote pamoja, nyingine zimelala na mwanga huzipata zikiwa zimeamka tu.

Mara ya kwanza nilikwenda na hofu, alinivisha miwani nyeusi, akanipaka jeli baridi, akaniambia itakuwa kama kupigwa na rababendi, na kweli ilikuwa hivyo, na harufu ya nywele zilizoungua, na wekundu kidogo uliopoa kabla sijafika nyumbani. Kumbe hofu yenyewe ilikuwa mbele. Siku ya kumi zikachomoza tena, wifi alikuwa ameniambia hizo ni maiti zinasukumwa nje, ziache zianguke zenyewe, lakini mshauri, nani ataziacha? Mume wangu ana mazoea ya kunishika kidevu akinitania. Nikachukua kibano. Na baada ya kuchukua mara moja nikachukua kila asubuhi kama zamani, mpaka asubuhi ya kwenda saluni, nikifika wifi ananipitishia kidole anasema, "Umenyoa vizuri, wifi, laini hivi," nami kimya.

Mara ya nne akashangaa. "Wenzako saa hizi wamebaki na chache. Wifi, hung'oi kweli?" Nikamwambia haki ya Mungu sing'oi. Mara ya tano akasema basi labda ndevu zangu ni sugu, tuongeze namba ya nguvu kidogo, nitavumilia? Nikasema nitavumilia. Nilijua, mshauri. Nilijua kwa nini haifanyi kazi na nikamwacha aongeze. Safari hii haikuwa rababendi, ilikuwa pasi ya moto, na jioni yakatoka malengelenge, na yalipokauka yameniachia baka jeusi chini ya taya, ukubwa wa kifuniko cha chupa, na barakoa inalisugua kutwa nzima.

Mume wangu nilimwambia ni mafuta ya kukaangia. Yeye ni fundi wa mafriji, mtu mpole, tangu siku hiyo amekataa nishike kikaango, anakaanga yeye, anaunguza, na mimi nakula huku nataka kulia.

Wifi aliponiambia nipite alitazame baka, mwenye saluni akaniona. Amemzuia wifi kugusa mashine, na juzi akanipigia simu mwenyewe, "Dada, ulifuata masharti? Ulikuwa unang'oa?" Nikasema hapana, nilinyoa tu. Jioni yake wifi akanipigia analia, ananiomba msamaha, eti ameuharibu uso wa mke wa kaka yake. Ananiomba msamaha mimi. Ijumaa wanakaa kikao, na ana watoto wawili anaowalea peke yake.

Nikisema kweli, mume wangu atajua ndevu, atajua mafuta, atajua kila asubuhi ya ndoa yetu, na nasikia sauti ya mama kichwani. Nikinyamaza, wifi amekwisha. Naogopa baka hili halitatoka. Naogopa mwanga ule umefika kizazi, maana hatujapata mtoto. Na ndevu zimeanza kuota katikati ya baka, ngozi bado bichi, ambapo siwezi kuweka kibano, leo nimeona kumi na moja. Nifanye nini?

Mwenye Barakoa

*

Mwenye Barakoa, marahaba.

Kugombezwa utagombezwa, usijali, lakini kwanza nikuondolee hofu moja ambayo haina miguu. Nimempigia daktari wa ngozi nikamsomea barua yako. Mwanga wa mashine ile unaishia milimita chache ndani ya ngozi. Kutoka kidevuni hadi kwenye kizazi ni safari ndefu, na mwanga ule haukuianza. Lala usingizi kwa hilo.

Baka nalo si la kifo. Kwa ngozi zetu nyeusi, kuungua kidogo huacha alama nzito, na alama hiyo kwa kawaida hufifia yenyewe, lakini kwa miezi, si kwa wiki, na kwa mtu asiyelichokonoa. Kwa hiyo usilibandue, usilipake limau, usilipake dawa ya meno, na krimu ya kung'arisha isikaribie hata mlango wako. Lifunike lisipigwe na jua, paka losheni ya kukinga jua, na wiki hii umwone daktari wa ngozi alitazame kwa macho yake, maana mimi nina gazeti tu, sina darubini. Mwanga usikuguse tena mpaka yeye aseme. Na siku utakayorudi, uliza mashine yao ni ya aina gani na kama inafaa ngozi nyeusi, kwa sababu si zote zinafaa. Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga. Mwanga usipopata unywele wa kuchoma, huichoma ngozi yenyewe, na ndivyo ilivyokuwa kwako.

Sasa kaa vizuri. Wewe binti, umemdanganya mtu aliyeshika moto mbele ya uso wako. Alikuuliza, ukaapa. Akauliza kama aongeze, ukakubali huku unajua. Mwenye saluni akauliza, ukakana. Halafu mtu yuleyule anakulilia kwenye simu, anakuomba radhi, na wewe bado umekaa stoo na maboksi ya glavu unauliza ufanye nini. Unajua cha kufanya, umeogopa tu, na woga nauelewa, lakini usiupe jina la kutojua.

Wifi yako naye ana lake, nisimtakase. Daktari ameniambia kidevu kilichonyolewa kwa wembe hukwaruza kidole, kilichonyonyolewa huwa laini. Fundi aliyesomea alipaswa kuujua ulaini ule. Na kabla ya kupandisha namba alipaswa kujaribu sehemu ndogo na kusubiri siku kadhaa aone ngozi imejibu nini. Alikuamini kwa kuwa wewe ni ndugu, akaacha kukagua. Hilo atalijibu yeye mbele ya bosi wake, na pengine ataonywa, ni haki. Lakini ajibu la kwake. La kwako asibebeshwe.

Kuna jambo umelitaja nusu mstari ukalikimbia: hedhi inayopotea miezi mitatu, ndevu zilizoanza mwaka huohuo, na mtoto asiyepatikana. Mwanangu, wahenga hawakukosea, mficha uchi hazai. Huenda homoni zako zimeyumba, jambo linalowapata wanawake wengi mno, linapimwa kwa damu na lina tiba. Nenda kwa daktari wa wanawake mwezi huu. Kama chanzo ni hicho na hakitibiwi, mwanga utapunguza nywele na mwili utaita nyingine. Hata mambo yakienda vizuri, usitegemee kidevu cha milele. Zitapungua, zitakuwa nyembamba, na mara moja moja utarudi kuzipiga mwanga tena. Mimi mwenyewe ninazo tatu, nyeupe, na mwanga hauna habari nazo kwa kuwa hazina weusi wa kushika. Nimezizoea, ninazinyoa, nakunywa chai yangu.

Ndiyo, zinyoe. Kidonda kikipona, nunua wembe na utupe kibano. Ile habari kwamba ukinyoa zitakuja nyingi zaidi ni maneno ya barazani. Mama yako alikupa kibano kwa mapenzi, lakini alikupa na woga wake, na huo hukulazimika kuupokea.

Mumeo. Siwezi kukuapia atafanya nini, simjui. Nimesoma tu kwamba alidhani mafuta yamekuchoma, akakunyang'anya kikaango. Mtu wa namna hiyo humwambii habari hii kwa vipande vipande. Mkalishe, mwambie yote kwa mara moja, ndevu, kibano, mafuta, dada yake. Atakasirika, na atakasirikia uongo kuliko nywele. Mwache akasirike. Usimfuate chumba hadi chumba ukijitetea. Kama baada ya yote hayo ataondoka kwa sababu ya kidevu, basi miezi kumi na minne ulikuwa unaamka mapema kwa ajili ya mtu asiyestahili kuamkiwa.

Lakini mume ni wa jioni. Wifi ni wa sasa hivi.

Nimeisoma barua yako mara nne. Msaidizi wa daktari wa meno, mume fundi mafriji, wifi wa mashine ya mwanga mwenye watoto wawili, kikao Ijumaa saa nne. Umeacha jina tu, na hukuniomba nibadilishe hata neno. Mtu anayetaka kujificha haandiki hivyo. Nadhani ulitaka wifi asome, ili usilazimike kusema. Basi nimeichapa kama ilivyo, maana mkate wa watoto wake ni mzito kuliko aibu yako, lakini sikubali mimi niwe mdomo wako.

Leo ni Ijumaa. Gazeti hili hufika kwenye meza za saluni saa mbili asubuhi. Kama unalisoma mapema, funga, vaa viatu, uwe mlangoni pa saluni kabla gazeti halijafika, bila barakoa. Kama umechelewa na wifi ameshasoma, nenda hivyohivyo, uingie kikaoni, useme kwa sauti yako, "Nilikuwa nang'oa, na nilimdanganya."