Nilivuka Milima Nimebeba Sponji

Mshauri mpendwa, mficha uchi hazai, kwa hiyo nakuvulia kofia naomba msaada wako, na nakushukuru mapema hata kama utanigombeza, mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tisa, nina mke mmoja na binti aliyekwisha olewa, na kazi yangu kwa miaka thelathini na moja ni kupima mizigo katika ofisi ya vifurushi, mtu analeta boksi, nalinyanyua kwanza kwa mkono nasema "kilo saba na nusu," ndipo naliweka kwenye mizani, na wenzangu hupenda kunijaribu lakini ni nadra nikose, nakwambia haya ili uelewe aibu yangu.

Mke wangu ni fundi wa makochi, na sote wawili tunapenda baiskeli, si za kwendea dukani bali za safari ndefu za milimani, tunafunga mabegi kwenye keria, hema juu yake, tunaondoka, na mabegi yote manne aliyashona mwenyewe kwa turubai kwa cherehani ya kazini kwake. Mwaka jana nilishikwa na homa ya mapafu nikalazwa siku kumi na moja, namshukuru Mungu na wale wauguzi nilitoka nikitembea kwa miguu yangu, na daktari, namshukuru naye, hakuninyima baiskeli, alisema tu kwamba nikipata nguvu naweza kupanda hata milima mradi kwa mwaka mzima nisibebe mzigo mzito, hayo alituambia tukiwa wote, lakini tulipofika nje ya mlango nikamwambia mke wangu daktari anajua mapafu, hajui baiskeli, na kama hatugawani mzigo nusu kwa nusu kama siku zote basi safari hakuna, nikanuna siku tatu nzima, mwisho akasema, "Haya baba, nusu kwa nusu."

Tulikwenda siku tisa, mshauri, na sitazisahau, tulipanda barabara zilizokunjwa kona juu ya kona, tukalala juu ya mawingu, kuna fundi baiskeli wa njiani alitunyooshea rimu akakataa hata soda, namshukuru, Mungu ambariki, na kuna mama mmoja alitufungulia ghala lake la viazi tukajikinga mvua ya mawe, naye namshukuru kila nikisikia mvua. Kila asubuhi mke wangu alikuwa akisema, "Wewe chemsha chai, mimi nafunga mizigo," na tairi likipasuka alisema, "Kaa upumzike, spana nakuletea mimi," nami nilidhani ananienzi tu mgonjwa wake, na kweli siku ya kwanza nilipoinyanyua baiskeli yangu na mizigo yake niliona nyepesi, mkono huu huu usiokosea nusu kilo uliniambia nyepesi, lakini nikajijibu, kumbe nguvu zimerudi, kumbe bado mimi ni dume.

Siku ya sita ndiyo ilikuwa ya mlima mkubwa, kilomita ishirini na mbili za kupanda tu, nikamwacha mbali, nikafika juu nikakaa kwenye jiwe nikala karanga zangu, nikamsubiri karibu saa nzima, alipotokea kwenye kona ya mwisho anasukuma baiskeli kwa miguu nikampigia makofi nikamwuliza, "Breki, umefika?" akacheka akasema, "Nimefika baba, nilikuwa naangalia mandhari," kisha akachukua chupa ya maji na mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka maji yanamwagika kifuani, nami nikaona nikadhani ni umri. Jina la Breki likamganda. Tuliporudi niliwasimulia waendesha baiskeli wenzetu, nikawasimulia shemeji zangu, mpaka mkwe wetu akaanza kumwita Mama Breki, na kila nikisimulia naeleza jinsi mgonjwa wa juzi alivyomsubiri mzima juu ya mlima, watu wanacheka, nami nachekelea.

Jumapili moja tulikuwa na wageni sebuleni, nikaanza tena, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwaka kesho tafuta mwenzako mwenye kasi, mimi nimemaliza," tukadhani utani, lakini kesho yake alitoa upepo kwenye matairi yake, akaitundika baiskeli ukutani stoo, akampigia simu binti yetu aje aichukue mwisho wa mwezi huu.

Sasa sikia mshauri. Wiki iliyopita yeye akiwa kazini niliamua kufua yale mabegi, nikagundua ndani ya mabegi yangu kuna kitambaa cha pili kilichoshonwa kwa mkono, nikakifumua, ikatoka sponji, vipande vya sponji ya makochi vilivyopangwa vizuri mpaka begi likatuna kama limejaa, juu yake ndipo zilikuwapo nguo zangu mbili tatu, basi nikafungua mabegi yake, chini kuna alama za grisi za spana zote, kuna kutu ya kufuli nzito ya kufungia baiskeli, kuna masizi ya sufuria na jiko, na viatu vyangu vya akiba nilivyodhani nimevibeba mwenyewe, na kwenye mfuko wa pembeni kuna karatasi ndani ya plastiki, mwandiko wake, ameorodhesha vituo vya afya vya njia nzima, kila kimoja na kilomita zake na namba ya simu. Nilikaa chini pale kwenye sakafu ya stoo mshauri, nikalia, sikuona haya kulia.

Nimejaa shukrani hata sijui niziweke wapi, na hapa ndipo naomba akili yako. Nikimwambia nimejua, naona nitakuwa nimevunja siri aliyoitunza ili nisiaibike, na huenda akajisikia amefumaniwa. Nikinyamaza, binti anakuja kuchukua baiskeli. Nimerudisha sponji, nikaishona upya vibaya vibaya, na nina mpango, nimbembeleze twende tena mwaka kesho, halafu safari hii mimi ndiye nijaze sponji mabegi yake nibebe vyote kimyakimya, deni la wema lilipwe kwa wema. Je, nifanye hivyo? Nakushukuru tena kwa kunisoma.

Mimi, Mpima Mizigo

Jibu

Bwana Mpima Mizigo,

Shikamoo, maana umenizidi umri. Nilikusoma nikicheka peke yangu mezani, nilipofika kwenye ile karatasi ya vituo vya afya nikaacha kucheka. Una mke, kaka yangu. Wapo wanaoniandikia kila wiki wakitafuta robo ya hicho ulicho nacho, kwa hiyo furaha yako naielewa na machozi yako ya stoo nayaheshimu.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Huo mpango wako wa sponji uache leo. Mkeo alitumia hila kwa sababu ukweli uliletewa na daktari mwenye koti jeupe ukaukataa mlangoni kwake, kisha ukanuna siku tatu kama mtoto aliyenyimwa andazi. Alitakiwa achague kati ya kukuzuia na kukuzika, akapata njia ya tatu, akaishona kwa mkono. Wewe una sababu gani ya kumficha? Yeye haumwi, na wala hakukataa kuambiwa kitu. Unachotaka ni kumshukuru bila kukiri kwamba ulimkosea, na hilo haliwezekani.

Unaniambia unaogopa kuvunja siri yake. Siri hiyo ilikuwa ya kulinda heshima yako, na umeigeuza fimbo ya kumchapia mbele ya ndugu zake. Kila ulipowachekesha watu kwa habari ya Breki, yeye alikuwa na jibu la kukunyamazisha kwa sentensi moja, na hakulitoa. Hata siku ile mlangoni hakulitoa. Alichagua kuacha baiskeli anayoipenda kuliko kukuumbua. Nyani haoni kundule, lakini wewe uliliona siku ya kwanza, mkono wako ulikuambia, ukaona heri ujisifu.

Basi fanya hivi. Kwanza zungumza naye mkiwa wawili, leo, kabla ya chakula, usingoje siku nzuri. Mwambie ulichokikuta, chote. Kisha muulize kama anaridhia uwaeleze wale uliowachekesha, maana siri ni yake. Akiridhia, waite walewale, shemeji zako, wenzenu wa baiskeli na huyo mkwe mwenye mdomo, uwasimulie mlima ule upya, safari hii ukiwaambia nani alibeba nini. Usiipambe, na usitafute kicheko. Jina la Breki ulizike hapohapo kwa kinywa chako.

Kwa daktari rudi kabla ya kugusa mlima mwingine, mpeleke na mkeo, na akisema kilo nne ziwe nne. Mkienda, mzigo upangwe mchana kweupe mkiwa wote wawili, na kwenye mpando mwenye mzigo mkubwa atangulie, wewe umfuate nyuma kwa mwendo wake. Hakuna tena kukaa juu ya jiwe kula karanga ukimsubiri mtu.

Lakini nimesema mkienda. Baiskeli yake usiitungue ukutani, wala usimpigie binti simu kumwambia asije. Mkeo ana haki ya kukusamehe na bado asitake kupanda milima nawe, na ikiwa hivyo ulipokee jibu lake bila kununa hata saa moja.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya niichukue barua yako kabla ya nyingine. Nimeisoma mara mbili, kalamu mkononi. Umemshukuru Mungu, wauguzi, daktari, fundi wa rimu, mama wa ghala la viazi, na mimi mara mbili kabla sijafanya lolote. Shukrani za mkeo umeniandikia mimi nisiyemjua, na wiki nzima imepita mnakula meza moja. Weka gazeti chini, uende ukamwambie asante, kisha unyamaze, umwache aseme yote aliyoyabeba tangu mlima ule.