Kwani Ulifika Cologne, Wafula?

Wafula ndugu yangu,

Nimerudi. Miguu bado imevimba kwa ajili ya ile ndege, na tumbo halijaamua kama liko Ulaya au liko Free Area hapa Nakuru. Leo mchana nilikuwa kwako, mkeo Mama Nekesa akanikalisha kwenye kiti chako, na tangu nitoke pale sijui kichwa nimekiweka wapi. Nimeona nikuandikie wewe, maana wewe ndiye uliyenitia kwenye shida hii ukaenda zako.

Kwanza nikupe habari, sidhani kuna mtu anayekueleza. Mvua ilinyesha vizuri. Barabara ya kuingia kwetu imechimbwa tena na hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyeichimba. Achieng bado anahudumia pale baa, ila siku hizi anavaa miwani. Meza yetu ya kona imewekewa televisheni, kwa hivyo mimi hukaa karibu na mlango kama askari. Mama Nekesa amerudi kwaya.

Sasa, shida yenyewe. Jumamosi fundi anakuja kukujengea kaburi na kuweka lile jiwe la jina. Mama Nekesa alitaka chini ya jina lako paandikwe "Mjerumani". Anasema hakuna mtu Nakuru aliyekujua kwa jina lingine. Lakini kaka yako, mzee Barasa, alikataa mbele ya watu wote. "Huyu alikuwa dereva wa Mzungu wa maua kule Naivasha," alisema. "Hajawahi kuvuka hata mpaka wa Malaba. Hatutaandika uongo juu ya kaburi." Mama Nekesa alishika leso akatazama ukuta. Nilielewa. Kwake hilo si jina la utani. Kama hukufika, basi miaka yote hiyo alikuwa akimpikia mtu mwingine.

Na wewe ulitusimulia, Wafula. Kwamba ulipokuwa kijana umepanga chumba Karagita, kule Naivasha, bosi wako alikupeleka kwao Ujerumani, mji wa Cologne, kujifunza kutengeneza mashine za vyumba vya baridi, vile vya kuhifadhi maua. Kwamba jioni mlikuwa mkiingia vilabu vya bia vya tangu zamani za wafalme. Pasipoti ulisema iliungua pamoja na nyumba. Picha hukuwa nayo hata moja. Hatukuuliza maswali, kwa sababu ulisimulia vizuri na sisi hatukuwa na safari nyingine ya kwenda.

Basi Wanjiru wangu alipomaliza masomo yake, hukohuko Cologne, akataka niende nimwone akivaa joho, Mama Nekesa alinishika mkono. "Baba Wanjiru, ukifika huko, uniangalilie." Nikuangalilie nini? "Kama ni vile alikuwa akisema." Na mzee Barasa, ambaye hajawahi kukubaliana naye hata kuhusu mvua, akasema sawa, nitakachosema nikirudi yeye atakipokea. Fikiria. Mimi, mtu ambaye hupotea ndani ya soko la Nakuru nikitafuta mlango nilioingilia.

Sherehe ilipokwisha nilimwambia binti yangu anitembeze vilabuni. Akaniangalia kwa huruma. "Baba, kuna majumba ya makumbusho. Kuna mto. Kuna kanisa kubwa." Nikamwambia kanisa nimeliona, hata mtu asiyetaka kuliona ataliona. Liko vile ulisema: jeusi, refu, minara miwili kama kitu kilichosahaulika kwenye tanuri. Nikafurahi sana, halafu nikakumbuka kanisa hilo liko kwenye kalenda na mikebe ya biskuti dunia nzima. Huo si ushahidi.

Klabu ya kwanza ilinipendeza. Meza ndefu za mbao zilizosuguliwa hadi zikapauka, unaketi na watu usiowajua na hakuna anayekuuliza kwenu ni wapi. Pipa la mbao liko juu ya kaunta na bia inatoka humo moja kwa moja. Lakini glasi, Wafula. Nyembamba, ndogo, kama ya kumpimia mtoto dawa ya kikohozi. Na bia yenyewe ni ya manjano, unaona mpaka upande wa pili. Wewe ulituambia ni rangi ya strungi, chai kavu iliyochemka ikasahaulika. Niliishika mbele ya dirisha nikaigeuza. Strungi haikuwepo.

Nilipomaliza, weita akaniletea nyingine kabla sijaitisha. Nikamaliza, akaleta nyingine. Nikadhani nimependwa. Mwishowe nikaenda msalani, na kabla ya kuinuka nikaifunika glasi yangu na kile kikadibodi cha chini yake, vile sisi hufanya ili nzi wasionje. Kurudi, glasi haipo, bia yangu nusu imeenda, na weita amesimama na hesabu mkononi. Wanjiru alikuwa amelala juu ya meza kwa kicheko. Kumbe kule bia inaendelea kuja yenyewe mpaka ufunike glasi. Kufunika ndiko kusema nimetosheka.

Sasa niambie. Mnywaji gani, tena wewe, aende mahali ambapo bia huja bila kuitwa, halafu arudi Kenya asahau kulisimulia hilo? Ulitusimulia mpaka kuhusu vitasa vya milango.

Klabu ya pili ndiyo iliyonimaliza. Nusu kuku. Wewe na nusu kuku wako wa Cologne. Uliniambia hata jina lake kwa lugha yao, "halve hahn", na nilikuwa nimelikariri tangu kwenye ndege. Nikaagiza mwenyewe, nikamkataza Wanjiru kunisaidia. Nikaletewa mkate mweusi, kipande cha jibini, vitunguu na haradali. Nikangoja. Nikala kitunguu kimoja nikingoja. Baadaye nikamwomba Wanjiru aulize kama kuku bado yuko jikoni. Weita akamjibu, naye akanitafsiria polepole kama mtu anayetoa habari ya msiba: "Baba, anasema huyo ndiye kuku." Ni utani wao wa zamani, jina tu. Meza nzima ikacheka na mama mmoja mzee akanipigapiga bega.

Wafula, wewe ulisema ngozi yake ilikuwa ikivunjika mdomoni. Ngozi ya nini? Ya jibini? Nilitoka pale na huzuni iliyozidi njaa. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia Mama Nekesa, na yote yalikuwa mabaya.

Wanjiru akasema tuingie moja ya mwisho, karibu na mto. Weita alikuwa mzee mwenye aproni ya buluu, mkali, anawakaripia wateja na wateja wanafurahi. Hilo ulilisema, na ulilisema sawasawa. Kwa kujaribu tu nikaomba bia ya rangi ya strungi. Aliniangalia kama niliyeomba maji ya kuoshea vyombo. Akasema, kwa mdomo wa Wanjiru, kwamba hiyo hunywewa Düsseldorf, mji mwingine mto uleule unakoteremkia, na kwamba watu wa huko ni wa kuombewa. Bado nikisikiliza hayo, mtu wa mwisho wa meza akapaza sauti: "Köbes!" Na mzee akageuka.

Nilimwaga bia. Nikamuuliza Wanjiru, hilo ndilo jina lake? "Hapana, Baba. Maweita wote wa vilabu hivi huitwa hivyo."

Kobe, Wafula. "Kobe, leta mbili," ndivyo ulivyokuwa ukimwita Achieng pale baa. Unakumbuka Achieng alivyokununia? "Mimi si kobe, mzee. Ukitaka mbio, katafute sungura akuhudumie." Mwezi mzima alikuwa akikuletea bia yako mwisho baada ya meza zote, makusudi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbembeleza. Na wewe ulikuwa ukicheka tu. Kwa nini hukueleza? Neno moja tu ungelieleza.

Nilibaki nikirudia "kobe, kobe" peke yangu. Wanjiru alidhani bia imenizidi, akaitisha maji.

Tangu hapo nazunguka tu. Pengine ulifika Cologne na miaka ikakuchanganyia rangi ya bia. Pengine ulifika huo mji mwingine, ukasema Cologne kwa sababu Free Area hakuna ambaye angeweza kutamka Düsseldorf, wewe ukiwa wa kwanza kushindwa. Au pengine bosi wako alikuwa akikumbuka kwao, mkiwa wawili tu ndani ya gari njia ya Naivasha, anakusimulia weita, bia na kuku, na wewe ukamwamini kuhusu kuku kama mimi nilivyokuamini wewe. Kila moja naiona inawezekana. Nikiamka asubuhi naamini moja, nikinywa chai naamini nyingine.

Leo niliwaeleza wote wawili, bila kuficha. Nilipofika kwa kuku, mzee Barasa akaanza kutikisa kichwa: "Si nilisema." Nilipofika kwa kobe, Mama Nekesa akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini mzee Barasa aliacha kutikisa kichwa. Kisha akasema, kama anayezungumza na magoti yake: "Hata mimi aliniita kobe. Nyumbani kwangu, nimembebea chai kwa mikono yangu, mbele ya shemeji. Mimi mkubwa wake. Nilidhani ananidharau." Sikujua, Wafula. Kumbe ndiyo sababu aliacha kuja kwako.

"Kwa hivyo alifika?" akaniuliza. Na sauti haikuwa ya kesi tena.

Nikamwambia, "Mzee, sijui."

Wote wawili wakaniangalia. Ningesema ndiyo wakati ule angekubali, nilimwona usoni. Lakini walikuwa wamenituma niangalie, na hicho ndicho nilichoona. Ndipo nikawauliza: je, tukiandika "Tuliyemwita Mjerumani"?

Mzee Barasa akayarudia maneno hayo taratibu, anayatafuna. "Hiyo haina uongo," akasema. "Hata mimi nilimwita." Mama Nekesa akainuka kukusanya vikombe. "Si mimi nilisema iandikwe Mjerumani? Haya, imeandikwa." Akaingia jikoni, na tukamsikia akiimba.

Basi pumzika, ndugu yangu. Jumamosi nitasimama na fundi mwenyewe mpaka herufi zote zinyooke, na mzee Barasa amesema ataleta chai. Mtu akiniuliza kama ulifika, nitakutetea, ingawa sijui ninatetea nini. Siku nikikufikia huko utanieleza kwa mdomo wako mwenyewe. Nami nitakuamini tu, vile nilizoea.

Baba Wanjiru