Kidari cha Mzee Kaanaeli

Jumanne, 6 Agosti 1996

Nimechuma kahawa debe moja tu, mgongo umegoma. Saa nne mahakamani. Hakimu kachelewa tena. Mimi na Mzee Siao kwenye benchi letu la wazee wa baraza, tunapiga miayo kama wanafunzi wangu wa zamani.

Shauri ni lile la ng'ombe wa Mama Eli. Mjane, na ng'ombe alikuwa huyo huyo mmoja. Maziwa yake ndiyo yalikuwa sabuni na chumvi ya nyumba. Akaibwa zizini, akachinjwa migombani. Nyama ikakutwa kwa shemeji yake, Mzee Kaanaeli, kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Yuko rumande tangu masika. Amekonda, suruali anaishikilia kwa mkono. Anasema neno moja tu, kwamba aliletewa. Aliyeleta hamtaji. Mkaidi! Amenitia hasira. Mama Eli ni rafiki yangu, tunaimba kwaya pamoja.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya.

Askari ametoa ushahidi. Nyama ilikutwa, basi. Nikamuuliza nyama gani. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Nyama ya ng'ombe, mama. Si mtu wa huku, kwake nyama ni nyama. Nikamwomba hakimu aitwe mgambo waliyekwenda naye kupekua. Hakuwekwa kwenye mashahidi, ila alikuwa hapo hapo nje. Akaingia, akasema: kidari kizima, kimefungwa kwenye jani la mgomba.

Watu wakageukiana. Kwetu kidari, nyama ya kifua, ni haki ya mkubwa wa ukoo, na hupelekewa na yule aliyechinja. Hakuna anayejipelekea.

Mgambo akaendelea bila kuulizwa. Siku ile walikamata wawili. Wa pili alikiri kuwa ndiye aliyechinja na kupeleka kidari. Wakamwachia, kwa nini yeye hajui. Ni Eli. Mtoto wa Mama Eli mwenyewe, mtu mzima na mke wake! Ng'ombe wa mama yake ameiba, nyama ameuza barabarani, lakini kidari cha baba mkubwa kaogopa kukizuia. Jamani.

Mama Eli alipiga ukelele, wanawake wakamtoa nje. Askari anasema hawakuona haja ya kumtaja Eli, mtuhumiwa walikuwa naye tayari. Hawakuona haja! Mzee miezi yote yuko ndani.

Hakimu akamuuliza mzee kwa nini alinyamaza.

"Mtoto wa marehemu mdogo wangu. Ningemtajaje polisi?"

Ijumaa, 9 Agosti

Mama Eli alikuja mchana. Anataka shauri liendelee. Mgambo mwongo, anasema. Na hata kama si mwongo, mzee alikula, basi naye ni mwizi. Nilimwelewa. Mzee akiachiwa, ni kama mahakama imethibitisha kwamba mwizi ni mwanawe. Nikamwambia siruhusiwi kulizungumza. Akaondoka hajagusa chai.

Eli ametoroka. Wengine wanasema Arusha.

Nimechoka na watu.

Jumatatu, 12 Agosti

Tumejifungia chumbani kwa hakimu. Watatu, kila mtu na kura yake.

Hakimu hataki shauri liishe. Hoja yake si ya kijinga. Kosa la askari lisimnyime mjane haki yake. Eli atafutwe, asikilizwe, ndipo tuamue. Pengine mzee alijua nyama ni ya wizi. Mzee Siao anasema aachiwe leo leo, hana la kuongeza. Wakanigeukia.

Nikasema mzee atakaa ndani mpaka lini, na wanaotumwa kumtafuta Eli ni wale wale waliomficha? Wakificha ushahidi na kesi ikaendelea kama kawaida, watafanya hivyo kwa mwingine. Huyo huenda asiwe na mgambo mwenye mdomo. Aachiwe.

Wawili kwa mmoja. Hakimu hakukasirika. Akaniuliza tu, "Na ng'ombe je, Mwalimu?"

Nikatia sahihi, nikatoka.

Jumatano, 14 Agosti

Mvua ya manyunyu. Sikutoka. Nimemchukia Eli kutwa nzima, na jioni nikamchukia askari. Haijasaidia kitu.

Jumapili, 25 Agosti

Ibada ya kwanza. Mzee Kaanaeli alikuwepo, amekaa nyuma. Kahawa yake imekaukia mtini, majirani wamemsaidia kuchuma iliyobaki. Eli hajarudi, na hakuna anayemtafuta. Askari hakuulizwa na mtu. Mama Eli haji kwaya tena.

Asubuhi kabla ya kanisa nilimwona akipita na kidumu, anashuka kununua maziwa kwa jirani wa chini. Mimi nina ng'ombe wawili wanaokamuliwa. Nilikuwa nimesimama uani, ndoo mkononi, imejaa. Alipita langoni kwangu bila kugeuka.